Mwanangu Alipotea, Wakaomba Namba ya Tiketi

Mtu aliyempata mwanangu aliambiwa alete kwanza namba ya tiketi.

Ndiyo, umesoma vizuri. Mtoto wa miaka minane, haongei, amevuka barabara ya malori peke yake. Na mtu aliyemsitiri anaulizwa tiketi.

Mimi si mwandishi. Nimeishia shule ya msingi na mkate wangu uko kwenye cherehani. Hili naliandika kwa sababu najua yupo mama mwingine sasa hivi anaambiwa asubiri, naye anasubiri.

Binti yangu wa mwisho hana maneno. Anasikia, anaelewa, ila maneno hayatoki. Akifurahi anavuma, mmm, mmm, mdomo umefungwa. Ndiyo maana nyumbani tunamwita Nyuki.

Kitu anachokipenda kuliko vyote ni kukunja nguo. Mpe shuka, mpe taulo, mpe hata gunia. Atakunja, atakunjua, atakunja tena.

Na kingine: anatoka. Ukipepesa macho, hayupo. Wala hakimbii. Anatembea taratibu kama mtu aliyetumwa dukani.

Zamani nilimshonea namba yangu ya simu kwenye kola, kwa ndani, uzi mwekundu. Kuna mtu akaisoma sokoni, sijui saa ngapi, sijui alisogea vipi. Akanipigia.

"Mtoto wako ninaye. Ukitaka kumwona, fuata nitakachokwambia."

Mtoto mwenyewe alikuwa miguuni kwangu anakunja taulo!

Nilikata simu. Akapiga kesho yake, na keshokutwa. Nikafumua kola zote, nikabadilisha laini. Tangu siku hiyo mgeni akinisalimia tu, moyo unaruka.

Ndipo mdogo wangu, mjomba wake Nyuki, akanitengenezea tovuti.

"Dada, tulia. Kwenye kola shona anwani hii tu. Atakayempata ataifungua kwenye simu yake, ataona picha ya mtoto, atasoma namna ya kumtuliza, ataandika yuko wapi. Ujumbe unaingia kwako. Namba yako hakuna atakayeiona."

Akaisajili kwenye kampuni moja inayouza majina ya tovuti na kuzihifadhi. Alilipia miaka mitatu kwa mpigo, kwa jina lake yeye. Neno la siri akaniandikia kwenye karatasi. Kisha akarudi kazini kwake, melini, kwenye meli za mizigo. Kumpata kwenye simu ni bahati.

Magauni kumi na moja, kola kumi na moja. Nikashona zote.

Miaka miwili roho yangu ilipumzika. Hata hivyo kila asubuhi niliifungua ile tovuti kuhakikisha ipo, kama mtu anavyokagua kitasa cha mlango ambacho amekifunga mwenyewe.

Asubuhi moja nikafungua, picha ya Nyuki haipo.

Ukurasa mweupe. "Tovuti hii imesimamishwa. Wasiliana na huduma kwa wateja." Chini yake kitufe kidogo cha kuandika ujumbe.

Nikasoma mara mbili. Nikabonyeza.

"Karibu! Mimi ni Faraja. Nikusaidie nini leo?"

"Tovuti yangu mmeifunga na imelipiwa. Naomba muifungue."

"Pole sana kwa usumbufu, mpendwa mteja. Tunathamini muda wako. Naomba namba ya tiketi."

Sikujua tiketi gani. Kumbe ni namba ya malalamiko. Wanakupa wao, halafu wanakudai wao.

Nikaipata, nikaandika. Faraja akajibu:

"Asante. Tatizo lako limepelekwa ngazi ya juu. Litatatuliwa ndani ya saa ishirini na nne."

Wakati huo mkasi ulikuwa mkononi. Nilishauchukua nifumue zile kola na nishone namba ya simu, iwe iwavyo. Lakini saa ishirini na nne si kesho tu? Nikauweka chini.

Hapo ndipo nilipokosea. Sisingizii mtu.

Kesho yake: ukurasa mweupe. Faraja: pole sana, mpendwa mteja, saa ishirini na nne. Nikachukua mkasi, nikauweka.

Siku ya tatu waliniambia ile tiketi imefungwa, nifungue nyingine.

"Imefungwa na nani, na tovuti haijafunguka?"

"Tunaelewa hisia zako. Naomba namba ya tiketi."

Nikashindwa kukaa. Nakanyaga cherehani mishono miwili, nanyanyuka, nakagua komeo la geti, narudi, natazama simu, nanyanyuka tena. Nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutaga. Suruali ya mteja nikaiwekea mfuko mmoja nje na mmoja ndani.

Sasa utaniuliza, kwa nini sikumwambia huyo Faraja kwamba tovuti ni ya mtoto asiyeongea?

Nimwambie nani? Mtu nisiyemwona uso? Baada ya yule wa simu? Sikuthubutu. Niliandika "tovuti yangu" tu, basi.

Hapa nikutajie mpangaji wangu.

Nyumba yangu ina chumba cha ziada, na mwezi mmoja kabla ya haya nilikipangisha kwa msichana mmoja mpole. Anafanya kazi humo humo chumbani, kompyuta mbele, waya masikioni asubuhi hadi jioni. Tukambandika jina, Dada Waya. Nilimuuliza kazi yenyewe ni ya nani. Akasema kasaini karatasi ya kutotaja. Sikumbana. Kodi haina neno, heshima anayo, na Nyuki humkunjia nguo zake zote, hata zile chafu.

Siku ya nne uvumilivu ulikwisha. Faraja alipoandika "tunathamini muda wako" nikampa vidonge vyake. Nilimwandikia maneno ambayo siyarudii hapa, na mwisho nikamalizia hivi: "Siku ukipata shida, Mungu akukutanishe na mtu kama wewe."

Nikatuma. Nikajisikia vizuri, nisikufiche.

Kama dakika kumi hivi nikasikia Dada Waya analia chumbani kwake, ng'ambo ya ukuta wangu. Nikamchemshia chai, nikagonga.

"Una nini, mwanangu?"

"Kazi tu, Mama. Kuna baba mmoja ananitukana kila siku. Leo kaniapiza."

"Mwanaume mzima anamwapiza mtoto wa watu? Hana dada huyo? Achana naye, wengine hawakulelewa. Kunywa chai."

Akanywa, akacheka kidogo. Nikarudi kwenye cherehani nikiwa nimetenda wema.

Siku ya tano, ya sita, ya saba. Pole sana, mpendwa mteja.

Siku ya tisa, mchana, nikaingia tena. Safari hii wakaweka foleni: "Wewe ni wa sita. Ukifunga ukurasa huu utapoteza nafasi yako."

Nikakodoa macho kwenye simu. Wa sita. Wa sita. Wa tano. Naogopa hata kukohoa, nisije nikagusa kitu nikarudishwa mwisho.

Wa tano.

Nilipoinua kichwa, ule mvumo haupo.

Taulo la Nyuki liko sakafuni, limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Komeo la geti limefunguliwa.

Sijui nilitokaje. Najua futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni na simu mkononi.

"Mmemwona Nyuki?"

Fundi viatu anatikisa kichwa. "Mama, nilikuwa nimeinama."

Muuza mkaa: "Gauni gani?"

"La bluu! La bluu!" Kumbe hata hilo sina hakika.

Nikashika njia ya barabara kuu. Malori hayasimami pale, yanapiga honi tu na kupita. Na Nyuki haogopi gari. Kwake gari ni kitu kinachong'aa. Kila honi iliyolia, niligeuka.

Nikakumbuka ile kola. Mtu akimpata, ataifungua, atakuta ukurasa mweupe. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu siku tisa!

Nikaitazama simu, nisijue nimpigie nani. Kioo kimeandika: "Wewe ni wa nne."

Nikakaa chini. Pale pale, kando ya barabara, mtu mzima na heshima zake.

Ndipo nikasikia, "Mama! Mama!"

Dada Waya anakuja mbio, miguu mitupu, waya unaning'inia shingoni kama wa daktari.

"Yuko kwa dobi! Ng'ambo, kwa dobi!"

Tulivuka vipi, muulize Mungu.

Nyuki alikuwa amekaa juu ya lundo la shuka za nyumba ya wageni, anakunja. Mmm, mmm. Aliniona, akanipa ncha moja ya shuka nimshikie. Nikaishika. Machozi yakamwagika juu ya shuka za watu.

Dobi, baba mmoja mwenye mikono ya sabuni, akasema, "Mama, usilie. Huyu kakunja arobaini. Vijana wangu wawili hawajafika hapo tangu asubuhi."

Nikacheka na kulia kwa pamoja.

"Kaka, ulijuaje pa kuuliza?"

"Mimi dobi, Mama. Nguo ikija kwangu, kwanza natazama kola, ndiyo najua ya nani. Nikasema na huyu kaja na nguo, nitazame kola. Nikakuta anwani. Nafungua, ukurasa mweupe, wasiliana na huduma. Nikaandika, jamani nina mtoto hapa, haongei. Wananijibu pole kwa usumbufu, leta namba ya tiketi! Nikawaambia huyu mtoto, hakuja na basi. Wananijibu, tunaelewa hisia zako, leta namba ya tiketi. Nikataka kuipiga simu ukutani."

"Halafu?"

"Halafu nikaandika mara ya mwisho. Nikasema ana miaka kama minane, anavuma kama nyuki, na ananikunjia shuka zangu zote. Kimya. Mara naulizwa, uko wapi? Hakuna mpendwa, hakuna mteja. Uko wapi?"

Nikageuka kumtazama Dada Waya. Alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili.

"Wewe ulijuaje yuko hapa?"

Akakaa kwenye tenga la nguo.

"Faraja ni mimi, Mama."

Nilibaki nimeshika ile ncha ya shuka.

Akaanza kueleza, haraka haraka, kama mtu anayetapika. Faraja si jina lake, ni la kampuni. Wako watatu, wote wanaitwa Faraja. Wamepewa majibu kumi na mawili kwenye karatasi. Unabandika, unasonga mbele, na mbele yako kuna wateja tisa kwa wakati mmoja. La tiketi ni jibu la tatu. Dobi alipoandika, akambandikia la tatu bila kusoma. Akambandikia tena. Alipofika kwenye "anavuma" ndipo akanyanyua kichwa na kusikiliza ukuta.

"Ukuta ulikuwa kimya, Mama. Siku zote namsikia. Nikaona kimya."

"Kola hukuiona siku zote hizo?"

"Nilidhani ni jina la fundi. Si wewe unashona?"

Nikaigeuza kola ya Nyuki. Akaendelea, sasa sauti imeshuka.

"Kwa hiyo yule baba anayenitukana... jina la kiume..."

"Ni jina la mdogo wangu," nikasema. "Mikono ilikuwa yangu."

Dobi akajifanya anatafuta sabuni.

Nilimwapiza mtoto wa watu asubuhi, nikampelekea chai ya kumfariji kwa laana yangu mwenyewe. Kati yetu ulikuwapo ukuta mmoja wa matofali, na tulikuwa tukisalimiana kila siku.

"Ungeandika tu kwamba ni ya mtoto," akasema.

"Na wewe ungesoma tu," nikasema.

Tukatazamana. Nikamuuliza lile lililonikereketa siku tisa.

"Na hiyo ngazi ya juu, wanasemaje?"

"Hakuna ngazi ya juu, Mama. Tiketi inaingia kwenye kapu ambalo hakuna anayelifungua. Ikifika siku ya tatu inajifunga yenyewe. Tovuti yako haikuwa na kosa. Walihamisha kompyuta zao, wengine wakaachwa, basi. Wanasubiri mchoke."

Siku ile ile kazi yake ikaisha. Walimwandikia mistari mitatu: ameacha kiti, ameacha wateja, ametoka nje ya majibu yaliyoidhinishwa.

Tulikaa mlangoni, mimi na yeye, mkasi kila mmoja, tukafumua kola kumi na moja kabla jua halijazama. Nikashona namba ya laini mpya, haina kazi nyingine. Chini yake nikashona ya Dada Waya. Akipiga tapeli, apige. Nitamkata. Tapeli anasumbua, lakini simu inaita.

Keshoye ujumbe ukaingia kwenye simu yangu:

"Mpendwa mteja, umeridhika kiasi gani na huduma ya Faraja? Chagua nyota moja hadi tano."

Nikabonyeza zote tano.

Wakaniuliza sababu. Nikaandika: "Alitoka nje ya majibu."

Wakajibu papo hapo: "Asante kwa maoni yako. Namba yako ya tiketi ni..."

Mama mwenzangu, usimtundike mwanao kwenye kitu ambacho ufunguo wake anao mtu asiye na uso. Kiwepo, sawa, lakini kisiwe peke yake. Na unapotaka kumtukana aliye upande wa pili, andika kwanza shida yako yote. Huenda anakunywa chai yako.

Na kama mkasi uko mkononi na wanakwambia kesho, usiuweke chini.