Mkalimani Ndani ya Kompyuta ya Karasha

Siku ile kwenye karasha ya Rwamgasa, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa, tulikuwa wanne: mimi niliye karani wa mizani, mdogo wangu wa mwisho, wa kiume, aliyekuwa ametoka kumaliza chuo, mama mwenye karasha, na mzee mmoja mchimbaji aliyeleta viroba vyake.

Programu ya mizani iliandikwa zamani, kwa lugha ambayo mdogo wangu alisema chuoni kwao haifundishwi tena. Mimi niliacha shule darasa la sita tulipofiwa na wazazi, na programu hiyo nilijifunza kuirekebisha mstari kwa mstari. Ndiyo iliyowalea wadogo zangu. Sasa mama mwenye karasha alikuwa amenunua kifaa cha kusoma alama za vidole, ili kila mtu athibitishe viroba vyake na ugomvi uishe. Kifaa kilikuja na maktaba yake, yaani mafungu ya programu yaliyokwisha kuandikwa, lakini ya kisasa. Programu yetu haikuweza kuiita ifanye kazi.

"Programu hii isipokubali leo, naitoa," mama alisema. "Nitaweka mpya, na karani anayeijua."

Mdogo wangu akaandika kipande kifupi cha kukaa katikati. Nilimwuliza kinafanya nini.

"Dada, unakumbuka ulivyokuwa ukimpeleka bibi hospitali? Daktari anamwaga Kiswahili, bibi anajua Kisukuma tu. Wewe unasikiliza yote, unasubiri amalize, halafu unamwambia bibi neno moja: meza, au usimeze. Basi hiki ni wewe."

Maktaba mpya ilitoa majibu marefu, tena kwa wakati wake. Programu ya zamani haikujua kusubiri, na ilielewa namba tu. Kipande kile kingesubiri kwa niaba yake, kisha kiipe moja kidole kikisomeka, au sifuri kisiposomeka. Kilichobaki ni mstari mmoja wa kukiita. Niliuandika mwenyewe.

"Shikamoo mzee, tusajili kidole chako," nikasema.

"Marahaba." Akabonyeza dole gumba. Sifuri. Akarudia. Sifuri.

Mama akashusha pumzi. "Ndiyo basi tena."

"Msiilaumu mashine," mzee akasema, akilitazama dole lake lililolainika kabisa. "Hili limeshaliwa na nyundo. Jaribuni hiki cha mwisho, kivivu hiki, hakijafanya kazi tangu nizaliwe."

Akaweka kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Moja. Kwenye kioo, kwa maandishi yale yale ya kijani ya siku zote, likatokea neno linalofunga kila kipimo: *Wabeja*, asante kwa Kisukuma.

Programu ile ilikuwa imezungumza na kitu kilichotengenezwa miaka mingi baada yake, na haikubadilika ila kwa mstari wangu mmoja. Katikati yao alikaa yule msichana niliyekuwa mimi, mkalimani wa bibi hospitali. Sikuwahi kujua kwamba kazi yake ina nafasi ndani ya mashine.

"Inabaki," mama akasema. "Na wewe unabaki."

Mdogo wangu akafunga kompyuta yake. "Dada, siku ile unaacha shule ulituambia utarudi sisi tukimaliza. Mimi ndiye wa mwisho, na nimemaliza."

"Nina kazi mimi."

"Darasa la watu wazima ni jioni. Na kazi imebaki, umesikia mwenyewe."

"Karani umeshikwa!" mzee akacheka.

Nilimpimia kiroba cha pili. Darasa nimeshaenda kuliulizia, kuingia, bado. Deni hilo ninalo hadi leo.