Jiwe la Mama Gicheru

Nikimkumbuka Mama Gicheru bado nashikwa na hasira. Jina lake hasa ni Wachuka. Aliuza nduma, yaani magimbi, sokoni Karatina miaka ile ya mwanzo ya uhuru, na meza yake ilipakana na yangu ya maharagwe.

Nduma yenye tope hainunuliwi. Kwa hiyo kila siku ya soko wauzaji walianzia mtoni Ragati, kila mmoja na jiwe lake la kuoshea. Jiwe hukuokota tu, uliachiwa na mama mkwe. La Mama Gicheru lilikuwa bapa, limelainika kwa mikono ya wanawake waliomtangulia.

Halafu Kihara akajenga hoteli pale ukingoni. Kihara, mtoto wa Wamucii muuza nduma, aliyelelewa mgongoni mwa mama yake papo hapo mtoni! Akazungusha waya ili wageni wanaokuja kuona mlima wanywe chai bila kutuona sisi na matope yetu. Mshenzi yule. Jiwe la Mama Gicheru, lililobaki ndani ya waya, akaliweka mlangoni pa hoteli, eti ni kumbukumbu ya mji wa kale. Wageni wakawa wanafutia viatu juu yake.

Jumamosi iliyofuata Mama Gicheru alipitiliza soko hadi hotelini. Akaketi mlangoni, akamwaga nduma zake juu ya jiwe, akaanza kuziosha kwa maji ya debe. Tope likatiririka hadi chini ya meza za chai. Mimi nilisimama getini nikiomba asiache.

Kihara akatoka mbio, mdomo wazi tayari kufoka. Lakini wageni walikuwa wameshatoa kamera zao. Nikamwona anaanza kutabasamu.

"Mama Gicheru, hii kitu ni mzuri sana! Ukuje kila Saturday uoshee hapa. Wageni wamependa."

Ningempiga kofi! Mama Gicheru alifunga jiwe kwa kamba, akauweka ukanda wa kubebea kwenye paji la uso, pale palipobonyea kwa mizigo ya maisha yake yote. Akainama, akainuka nalo mgongoni. Akashika njia ya kupanda mto, kule ambako waya haukufika.

"Sasa wageni nitawaonyesha nini?" Kihara akalalamika.

Mama Gicheru hakugeuka.

"Waonyeshe waya yako."