Lori la Marehemu Limewaka Kimya

Juzi nilikuwa gereji moja Bagara nikizibiwa pancha, akaja mama mmoja mzee na binti yake kuchukua lori la marehemu mumewe. Lilikuwa limekufa miaka mingi. Binti amelifufua kwa injini mpya ya kompyuta.

"Mama, bonyeza hapa."

Akabonyeza, akasikiliza. "Mbona haliwaki?"

"Limeshawaka, mama."

Akaweka kiganja kwenye dashibodi. "Baba yenu akifika Nangara tu, mimi nyumbani Nakwa nimeshalisikia, nabandika chai. Hili ni la nani?"

Binti akainama. Fundi akasema taratibu, "Honi hatukuigusa, mama."

Mama akaibonyeza, akaishikilia, machozi yakimtoka huku anacheka. Gereji nzima tulisimamisha kazi. Kelele za magari huwa nazilalamikia kwenye safu hii. Hizi niliomba zisiishe.