Rejeta ya Mama Mkwe

Nichekeni tu, nimezoea. Jumamosi iliyopita tulikwenda Otonglo kumtembelea mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amelalamika kwenye simu kwamba gari lake linachemsha. Nikaona hapa ndipo mkwe anapojipatia jina.

Tulipofika, mke wangu aliingia ndani. Mimi nilibaki uani, palipokuwa na gari jeupe. Niligusa boneti, ikaniunguza.

"Maskini Mama," nikasema, "limeegeshwa na bado linawaka!"

Nilingoja lipoe kabisa, maana ukifungua mfuniko wa rejeta ikiwa bado ya moto, maji yanakurukia usoni. Kisha nikamwaga maji ya zamani kwenye beseni lenye kifuniko ili kuku wasiyanywe, nikasuuza rejeta hadi maji yakatoka safi, nikajaza kulanti, yale maji ya kijani ya kupoza injini, niliyonunua mjini. Nilikuwa naimba.

Ilibaki kuwasha injini ili hewa itoke.

"Mama," nikaita, "naomba ufunguo wa gari!"

Mama alitoka na ufunguo, akitabasamu. Nyuma yake alikuja mgeni aliyevaa kola ya kichungaji. Mama alilitazama gari, kisha akanitazama nilivyolowa.

"Mayie! Baba Achieng', hili ni la Pasta, amekuja nalo kutoka Muhoroni. Langu liko nyuma ya jikoni."

Pasta akainama, akachungulia rejeta yake.

"Mama," akauliza kwa upole, "wiki ijayo naweza kuleta la mke wangu?"