Kulungu Mzazi na Kanga ya Bibi Yako

Siku moja ya mvua kule Guangzhou bado ninayo moyoni, mwanangu, na leo nimeona niitoe nikupe. Futa machozi kwanza, ukae hapa mkekani. Najua kilichokuliza. Umerudi jana kutoka masomoni, umemnyooshea mwanao mikono, naye amekimbilia nyuma yangu akilia kama aliyeona mgeni. Mjukuu wangu Imani hana kosa, wala wewe huna. Acha nikusimulie, na usinikatize, maana nikikatizwa nasahau nilipofika.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilipata ufadhili wa kusomea utabibu wa mifugo Uchina. Wewe nilikuacha unatambaa. Nilijipaka shubiri ili uache ziwa, nikakukabidhi kwa bibi yako hapahapa Morogoro, nikapanda ndege kifua bado kinavuja maziwa. Watu walinisifu kwamba nimefika mbali. Hakuna aliyeniambia kuwa umbali una ugonjwa wake. Nilikutamani mpaka mikono ikawa inauma, mikono hiihii niliyozoea kukubebea.

Jumapili nilikuwa nakwenda Zhanxi, karibu na stesheni ya treni, kwenye maduka ya jumla ya nguo na viatu. Sikuwa na cha kununua. Nilikwenda kumwona Mama Rukia, mfanyabiashara wa Kariakoo, nisikie Kiswahili tu, hata kama ni cha kugombana na wabeba mizigo. Jumapili moja ya mwaka wa pili nikaona viatu vidogo vyekundu. Mwenye duka akatikisa mkono, "Meiyou," yaani hakuna, kwake jozi moja haiuzwi, ni dazeni. Mama Rukia akaichukua dazeni nzima kwa biashara yake, akaniambia, "Haya, chagua vya mwanao. Anavaa namba ngapi?"

Sikujua. Asiyekuwapo na lake halipo, mwanangu. Nilichagua kwa kubahatisha, kisha nikalia palepale katikati ya mikokoteni, na watu wakapita.

Jioni yake nikapiga simu kwa jirani yetu, ukaletwa. Nikakwambia, "Mwanangu, mimi mama." Ukanijibu bila wasiwasi, "Mama yuko jikoni, anapika uji." Ulikuwa unamsema bibi yako. Nikaiweka simu chini, nikaenda kufunga begi langu. Niliamua masomo basi, narudi nyumbani kabla hujanisahau kabisa.

Asubuhi nikaenda kumuaga mwalimu wangu, Mwalimu Liang, mama mtu mzima wa chuoni kwetu, mkali, aliyetufundisha uzalishaji wa wanyama. Nilimkuta nje ya mji, kwenye shamba la kulungu. Wale kulungu wenye madoa meupe mgongoni, wanaofugwa kwa ajili ya pembe changa za kutengenezea dawa. Hakunipa hata nafasi ya kusalimia. Kulungu mmoja, uzazi wake wa kwanza, alikuwa anazunguka uani tangu alfajiri. Chupa ya uzazi ilikuwa imeshapasuka, na ukwato mmoja tu ulikuwa unachungulia nje.

Kulungu si ng'ombe. Ng'ombe utamfunga kamba umsemeshe, kulungu ukimkimbiza moyo wake unaweza kusimama kwa hofu. Kwa hiyo tulimwelekeza pole pole kwenye chumba chembamba chenye giza, bila kelele, mbao zikambana ubavuni. Mkono wangu ndio uliokuwa mwembamba kuliko ya wote. Nikanawa, nikajipaka mafuta, nikaingiza. Kichwa kilikuwa mahali pake, lakini mguu wa pili ulikuwa umekunjwa nyuma. Mwalimu akaninong'oneza, "Usivute. Uchungu ukipoa, msukume mtoto ndani kwanza. Ukwato uufunike kwa kiganja, usije ukamchana mama yake." Nilimsukuma, nikautafuta mguu, nikauleta mbele. Uchungu uliporudi ndipo tukavuta, kuelekea chini, yeye akisukuma na sisi tukimsaidia. Mtoto akatoka, mzima.

Nikamsafisha pua kwa vidole, akapiga chafya. Na mimi, begi langu likiwa limefungwa chumbani, nikamkumbatia kifuani. Mwalimu akasema, "Mrudishe kwa mwenyewe. Ukizidi kumkumbatia atanuka wewe." Akamchukua, akamsugua kwa majani makavu yaliyolowa maji ya uzazi ya mama yake, akamlaza uani juu ya majani yaleyale, mlango ukafunguliwa.

Mama mtu akatoka mbio. Akamwona mtoto, akaruka pembeni, akapiga kwato chini. Mtoto alikuwa analia na kutetemeka mvuani. Kama asingepata mapema dang'a, yale maziwa ya kwanza, angekufa, nilijua.

"Amemkataa," nikasema. "Tumchukue tumpe maziwa ya chupa."

"Hajamkataa, hajamjua," Mwalimu akanijibu. "Wewe umemwona akitoka. Mwenzio alikuwa gizani, amebanwa, anaogopa kufa. Chupa ipo, haikimbii. Mpe kwanza nafasi amnuse, na sisi tuondoke machoni pake."

Tulijibanza nyuma ya uzio wa mikeka ya mianzi. Nilikuwa naomba dua kimoyomoyo kama vile wewe ndiye uliyelala pale chini. Mama mtu akasogea, akarudi nyuma. Akasogea tena, akanusa majani yale. Akamlamba sikio. Kisha akatoa sauti ndogo, ya chini, ambayo sikujua kama kulungu wanayo, na mtoto akajikongoja kuifuata mpaka kwenye chuchu.

Nikalia, na safari hii sikujificha. Mwalimu akaniuliza kulikoni, nikamweleza habari ya simu na uji. Akasema, "Kamalize masomo. Siku ukirudi usimkamate kwa nguvu. Tafuta harufu anayoijua." Nikarudi chumbani nikafungua begi.

Nilipofika hapa nyumbani ulinikimbia, kama Imani alivyokukimbia jana. Vile viatu vyekundu havikupita hata kisiginoni. Shangazi zako wakasema, "Mkamateni mpeni mama yake, atazoea." Nikakataa. Nilimwomba bibi yako kanga aliyokuwa ameivaa jikoni, inayonuka moshi na mchaichai, nikajifunga, nikakaa sakafuni nachambua mchele bila kukutazama. Niliumia, sikufichi. Ulikuwa unapita mbali, ukawa unapita karibu. Alasiri moja ukaja mwenyewe, ukashika pindo la kanga, ukalala pajani pangu. Mguu ukafa ganzi na sikuusogeza.

Miaka ile sikuipata tena. Mpaka leo, mvua ikipiga bati, nautamani ule utoto wako ulionipita, hatua yako ya kwanza, meno yako, na najua haurudi. Lakini wewe ulirudi kwangu, kwa miguu yako mwenyewe.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na aliyelea ana harufu yake, usimwonee wivu. Kwenye shida, tia mkono usaidie, lakini usivute kabla ya wakati. Ukishasaidia, rudi nyuma. Mtoto anayekukimbia hajakukataa, hajakujua tu, na subira yavuta heri.

Haya, chukua kanga hii niliyoivaa. Tangu uliposema unakuja sijaifua, makusudi. Jifunge, ukae pale mlangoni na ungo wa mchele, mimi natoka kwenda kwa jirani. Mola aulainishe moyo wa mwanao kwako kama alivyoulainisha wako kwangu, na akupe miaka mingi ya kubebwa na kubeba. Usigeuke sasa, mwanangu. Ameshaanza kuchungulia.