Betri ya Trekta kwenye Redio ya Darasa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoamini kwa moyo wangu wote kwamba redio ikipewa nguvu ya kutosha, mtangazaji aliyeko Dar es Salaam naye anakusikia wewe. Usicheke. Habari hiyo nilipewa na dereva wa lori la pamba la Igunga, na mtu aliyefika Dar mara nne, enzi zile, kwetu alikuwa sawa na aliyefika mwezini. Alisema wakubwa wana redio zenye betri kubwa, wakisalimiwa wanaitikia. Nikameza yote. Tena nilikuwa nimetoka kuhitimu masomo ya jioni ya watu wazima, nina cheti mfukoni, na mwenye cheti kipya ni rahisi kudanganywa, maana anaona aibu kuuliza.

Nimeyakumbuka haya kwa ajili ya kompyuta yako. Umeniambia uliiongezea kumbukumbu na programu mpya, na tangu hapo ukiiwasha inaonyesha taa, inaonyesha jina lake, halafu inazima. Umeipiga makofi, umeulaumu umeme, umeilaumu mvua. Pole sana. Mimi nimeyafanya hayo yote, na nimeyazidisha.

Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Ntalikwa, Tabora, kilikuwa na redio moja. Ilikaa darasani, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi, na mtunzaji wake nilikuwa mimi. Ilitumia betri ndogo nne. Wiki hiyo jirani yangu Bi Nyamizi, mjane, alikuwa ameletewa ujumbe wa mdomo na mtu aliyerudi kutoka mashamba ya mkonge huko Tanga: mwanawe, Maganga, amepeleka salamu redioni, zitasomwa Jumapili mchana. Miaka mitatu alikuwa hajui kama kijana yu hai. Basi kila siku alipita darasani kuitazama tu ile redio, kama mtu anayechungulia chungu kilicho motoni.

Nikajisemea, mama huyu hatasikia tu, atajibu! Alhamisi nikaazima betri ya trekta la kijiji, nikaunga nyaya, nikawasha. Redio ikanguruma kwa sauti ambayo naamini ilifika Tura: "Hapa ni..." Ikanyamaza. Nikazima, nikawasha tena. "Hapa..." Kimya. Mara ya tatu ikasema "Ha," basi.

Sasa sikiliza ujinga wa kijana. Nilimtafuta mkosaji kila mahali isipokuwa penye betri. Nikaifuta redio vumbi. Nikaianika juani. Nikakumbuka kwamba waya wa antena umefungwa kwenye mti wenye mzinga wa nyuki, nikaona nimepata: mvumo wa nyuki unaivuruga! Nikapanda mchana kweupe, bila moshi, ili niuhamishe mzinga. Nyuki wote wa Unyamwezi walikuwa nyumbani siku hiyo. Kupanda nilitumia shina, kushuka sikulihitaji.

Bi Nyamizi akanikuta nimekaa mlangoni, kichwa kama mtungi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uso umefanya nini?"

"Nyuki, mama."

"Na redio?"

"Imepumzika kidogo."

"Ipumzike. Lakini Jumapili iwe imeamka, baba."

Usingizi ukanikimbia. Jumamosi asubuhi nikaifunga redio kwenye baiskeli mpaka mjini, kwa fundi Karim, Mhindi mzaliwa wa Tabora aliyejua matusi ya Kinyamwezi kunishinda mimi.

"Imefanyaje?" akauliza.

"Imezima yenyewe."

"Yenyewe?"

"Yenyewe kabisa."

Akaifungua. Akapapasa hapa, akachokonoa pale, saa nzima ikaisha. Mwishowe akairudishia kifuniko. "Sioni pa kuanzia. Iache, urudi wiki ijayo."

Wiki ijayo! Nikamwona akilini Bi Nyamizi kesho yake, amekaa mbele ya meza tupu. Nikamweleza fundi habari za Maganga.

"Basi nisaidie nimsaidie huyo mama," akasema Karim. "Tangu iliposema vizuri mara ya mwisho mpaka ilipokataa, wewe uliifanya nini?"

Nikatazama ndala zangu. "Niliitia betri ya trekta."

"Ya trekta! Mbona hukuifunga na plau, ikalime kabisa?" Akacheka mpaka miwani ikadondoka. Lakini mkono wake ulikwenda moja kwa moja mahali pamoja, akatoa kidude kilichoungua, kidogo kama punje ya mtama, akaweka kingine, akatia betri nne ndogo. Redio ikasema sentensi nzima. Karim hakuwa anacheka tena. "Ungenieleza ulipoingia, saa hii ungekuwa umeshafika kwenu."

Basi, mwanangu, nakuusia. Kitu kilichokuwa kizima jana na leo kimekataa, uanze kuutazama mkono wako mwenyewe: uliongeza nini? Kitoe ulichoongeza, urudishe mambo yalivyokuwa, uwashe uone. Ikikataa bado, hapo ndipo uende kwenye nyuki. Na mbele ya fundi sema lote, hata lile la aibu, kwa sababu aibu yako inamchelewesha yeye na inamuumiza mtu mwingine anayesubiri. Mungu akupe mkono usioogopa kujaribu na ulimi usioogopa kukiri, na hiyo kompyuta iamke na kazi zako zote ndani yake.

Nimebakiza ile Jumapili. Darasa lilijaa hadi madirishani. Salamu zikasomwa moja moja, hadi tukasikia: Maganga, wa Tanga, anamsalimu mama yake Nyamizi wa Tabora, yeye ni mzima. Bi Nyamizi akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Na mimi, uso ungali umevimba, nikairukia redio nikapiga kelele: "Maganga! Mama yuko hapa! Naye ni mzima!"

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Bi Nyamizi hakucheka. Alifuta macho, akanivuta taratibu kwa mkono.

"Mwanangu, redio haisikii. Inasema tu. Maganga akitakiwa asikie, anaandikiwa barua. Na si wewe mwenye cheti? Kaa hapa, shika kalamu, nikwambie la kuandika."