Alipolala Paa wa Amerat

Nnaikumbuka asubuhi moja, mwanangu, mama yangu aliposukuma tena sahani ya wali bila ya kuitazama. Ulikuwa mwaka tuliotoka Unguja, baada ya mapinduzi. Baba tulimzika kule. Ami yangu, ndugu yake baba, alitupokea nyumbani kwake Amerat, nyuma ya majabali ya Maskati, na mama tangu afike hali ila tende moja na maji. Mikono imebaki mifupa. Nikamwambia, "Mama, sema unachotaka, nitakileta."

Akasema, "Mchuzi wa paa."

Basi. Mimi ni binti wa msasi, na paa nnamjua. Nikamwendea Ami, mwenye bunduki. Akacheka.

"Paa wa huku sisi twamwita dhabi," akasema. "Miguu yangu haiwezi tena kuzunguka majabali kutwa. Nionyeshe anapolala, risasi ni juu yangu."

Paa wa Unguja hujificha kichakani, penye giza. Kwa hiyo kila siku niliteremka bondeni nikaingia kila kichaka kilicho karibu na maji. Miba ilinichania kanga, na sikuona hata unyayo. Nyumbani mama akizidi kukonda, nami nikizidi kuingia vichakani. Nlikuwa na kichwa kigumu, bado nnacho.

Shangazi, dada yake Ami, aliyechunga mbuzi bonde lile maisha yake yote, akanikuta nikitoka mateteni.

"Watafuta nini humo?"

"Paa."

"Humo utapata nyoka. Unguja umeitoka, binti, macho umeyaacha huko."

Ilinichoma. Nikamwambia, "Basi nionyeshe wewe."

"Sikuonyeshi. Jua hili likikupiga, ungelala wapi?"

Akenda zake na mbuzi wake. Nikakaa pale pale juani mpaka kichwa kikachemka. Kichakani nisingelala: hamna upepo, na adui humuoni mpaka akufikie. Nikainua macho. Begani mwa jabali palikuwa na mgunga mmoja peke yake, majani yanatikisika.

Nilipanda kwa mikono na magoti. Chini ya mgunga mawe yamesukumwa pembeni, udongo umeparwa, pana kishimo cha kutosha kiwiliwili, na mavi mabichi. Kutoka pale nliliona bonde zima, na Shangazi mdogo kama kuku. Kumbe siku zote paa alikuwa juu akinitazama nnavyohangaika na miba.

Sikugusa kitu, nikashuka kumwambia Ami. Kesho yake mchana Ami alipanda kwa nyuma, polepole, upepo ukimpiga usoni. Nami chini bondeni nikasikia mlio mmoja wa bunduki. Akamuwahi kwa kisu na bismillahi.

Nazi hatuna, nikapika kwa ndimu kavu. Mama akaonja.

"Huyu si paa wa kwetu," akasema.

Kisha akasogeza bakuli. "Nitilie tena."

Mwanangu, ukihamia pageni, iwe mji, kazi au nyumba ya mume, usipatafute hapo ulipotoka. Utachanika bure. Kaa juani upatazame, na anayekwambia kweli kwa ukali msikilize hata kama inakuchoma. Na kama nyumbani yupo anayekungoja, usikubali kurudi mikono mitupu. Panda hata kwa magoti.

Mola akufungue macho pale miguu yako ilipo, akutilie baraka chunguni, na umpendaye asikatae sahani yako. Amin.